Kwa Miguu Hadi Namugongo, Tukimkumbuka Mama Sakristia

Jumamosi: Malaba hadi Tororo

Padre alitubariki saa kumi na mbili asubuhi mbele ya kanisa. Katekista alitaka tutoke kwa mistari miwili, na kabla hatujafika barabara kuu mistari ilikuwa imeshakufa. Malaba haina adabu ya maandamano. Malori yamepanga foleni tangu mpakani mwa Kenya na Uganda, madereva wanapiga mswaki kando ya magurudumu, wabadilisha fedha wanakuita, na bodaboda wanakatiza katikati yenu utadhani hawaioni bendera.

Mama aliitembea hija hii ya kwenda Namugongo, karibu na Kampala, walikochomwa moto Mashahidi wa Uganda, karibu kila mwaka tangu nikiwa mdogo. Mimi sikuwahi. Kila Mei nilibaki kuangalia hoteli yake, kibanda cha mabati karibu na maegesho ya malori, nikiwapikia madereva chai na chapati huku nimenuna. Alifariki mwaka jana baada ya Pasaka. Mwaka huu akina mama wa parokia wakanitumia ujumbe Kampala: tunatembea tukimkumbuka, na wewe unakuja. Halikuwa ombi.

Wao walimwita Mama Sakristia. Kwenye karatasi za parokia hakuwa na cheo chochote, lakini funguo za kabati la mavazi ya Misa zilikaa kwake, na vitambaa vya altare vilifuliwa nyumbani kwetu. Nilikua nikijua kwamba maji ya kwanza ya vile vitambaa vinavyofuta kalisi hayamwagwi mferejini. Huenda yamebeba tone la Damu au chembe ya Mwili, kwa hiyo yanamwagwa kwenye udongo safi. Kwetu udongo safi ulikuwa chini ya mpera nyuma ya jiko. Tulikatazwa kucheza pale, na mapera yake tuliyala kwa woga, tukitazamana. Baada ya hapo ulikuja wanga wa muhogo, kisha pasi ya mkaa. Mama akishika ile pasi hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha, kwa sababu cheche moja ikiruka kitambaa kimekwisha.

Alifundisha pia watoto wa Komunyo ya kwanza, na alifundisha kwa Kiswahili. Angetumia lugha gani nyingine? Baba Mteso, yeye Msamia, majirani Wajopadhola, Wabukusu, Wakikuyu waliokuja na biashara, na kwenye maegesho Wasomali wa malori. Hata sala za nyumbani zilikuwa za Kiswahili. Ndiyo maana kundi letu linasali rozari barabarani kwa Kiswahili kuanzia Malaba hadi Namugongo, na huko mbele jambo hilo likatuletea kituko, nitakisimulia.

Tororo tuliiona kabla ya kuifika, ule mwamba wake hauna haya, unasimama peke yake. Mchana radi ikaanza kuzunguka, kama ilivyo kawaida ya Tororo, na mvua ikatukuta tukiwa tumekaribia. Tulilala kwenye ukumbi wa kanisa, wanawake upande wa altare, wanaume mlangoni. Miguu ilikuwa imelowa. Hapo ndipo shida ya Jumapili ilipoanzia.

Jumapili: hadi Busitema

Misa ya kwanza, chai, halafu barabara. Ndani ya kiatu kilicholowa ngozi inakuwa laini, soksi inaisugua, na kufikia saa sita mchana nusu ya vijana waliotuacha nyuma asubuhi walikuwa wamekaa kandokando ya barabara wakichungulia visigino.

Jioni mama mmoja mzee, ambaye amekuwa mpishi wa kundi tangu zamani, alifungua mfuko wa nailoni akanipa kopo la mafuta ya kujipaka. Ndani hamkuwa na mafuta. Mlikuwa na sindano za kushonea za kila ukubwa, uzi mweupe uliozungushwa kwenye kipande cha kadibodi, kiberiti, chumvi iliyofungwa kwenye karatasi, na wembe ambao haujafunguliwa. "La mama yako," akasema. "Lilikuwa kwenye kabati la sakristia. Kaa hapa utazame."

Akamvuta kijana mmoja mguu akauweka juu ya paja lake. Lengelenge lilikuwa kwenye kisigino, limejaa maji, kubwa kuliko sarafu. Aliiunguza sindano kwenye mwali wa kiberiti hadi ikawa nyeusi, akaipangusa kwa kitambaa chenye spiriti, akaupitisha uzi. Hakulichoma lengelenge katikati. Aliingilia pembeni, karibu kabisa na ngozi nzima, sindano ikatokea upande wa pili, akaukata uzi akaacha ncha mbili zikining'inia kama masharubu. Maji yakaanza kuufuata uzi, tone kwa tone. Ngozi ya juu ikalala bila kupasuka. Kijana alikuwa amefumba macho muda wote huo bila sababu. Ngozi ile imekufa, haiumi.

Safari hii tulikuwa na muuguzi, binti wa pale pale Malaba, naye hakufurahi hata kidogo. Kwa maneno yake, uzi ukibaki ndani unakuwa barabara ya vijidudu. Kama ni lazima kutoboa, toboa kwa sindano safi ya hospitali, kamua, funika kwa bandeji, basi. Na kama lengelenge halikuzuii kutembea, liache. Mzee akamjibu kwamba amepeleka watu Namugongo kwa uzi tangu huyu binti hajazaliwa na hakuna mguu uliooza. Muuguzi akamtazama, akanitazama mimi, akanyamaza. Sikuelewa kilichomnyamazisha mpaka Jumatano.

Wakakubaliana nusu kwa nusu: uzi utapita, utatoa maji, kisha utavutwa na bandeji itafuata. Kwa maoni yangu muuguzi ndiye aliyekuwa sahihi, lakini foleni ya miguu ilijipanga kwa mzee.

Jumatatu: hadi Bugiri

Malori, malori, malori. Barabara ya Busia ikishaungana na ya Malaba, mizigo yote ya Mombasa inakupita begani. Tulitembea tukiwa tumeyapa uso, makoti ya kung'aa mwilini, na kila trela likipita upepo wake unakusukuma hatua moja majanini.

Ilikuwa tarehe 26 Mei, na katekista alitukumbusha. Usiku wa kuamkia tarehe hiyo mwaka 1886, kwenye ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, huko Munyonyo, Karoli Lwanga, mkuu wa vijana watumishi wa ikulu, aliwabatiza vijana waliokuwa bado wakurufunzi, Kizito mdogo akiwa mmojawapo. Walijua kesho kutakuwa na hukumu kwa ajili ya imani yao. Mama alikuwa akiipenda sehemu hii kuliko ile ya moto. Watoto wa Komunyo walitaka moto, kila mtoto anataka moto, naye anawarudisha Munyonyo: hakukuwa na padre, alisema, hakukuwa na kanisa, kulikuwa na mkubwa mmoja aliyejua maneno na maji kidogo.

Kwenye jua kali kabla ya Naluwerere nilijikuta natembea na mzee wa jiko, na nikamuuliza jambo ambalo nimelibeba muda mrefu. Mwaka ule parokia ilipokuwa ikichangisha mabati, Mama alimtoa mbuzi. Mbuzi yule alikuwa karo yangu. Nilikaa nyumbani sehemu nzuri ya muhula nikiosha vikombe vya madereva, wenzangu wakipita na sare. Nilitegemea mzee ataniambia kitu nisichokijua, pengine kulikuwa na ahadi, pengine kuna mtu alikuwa amemwahidi kunilipia.

"Tulijua," akasema. "Tulimwambia. Mimi mwenyewe nilimwambia, huyu mbuzi ni wa mtoto. Hakusikia. Mama yako akishaamua, Padre mwenyewe alikuwa anapita mbali."

Tukaendelea kutembea. Baadaye akaongeza kwamba mabati yale yalivuja mwaka wa pili. Nilicheka mpaka nikasimama.

Jumanne: Bugiri hadi Iganga

Siku ya vumbi na mpunga. Idudi mama mmoja wa Kiislamu alitoka na ndoo ya maji na vikombe viwili akakataa tusipite bila kunywa, na watoto wake wakawa wanatuhesabu kwa sauti. Iganga tulifika giza limeingia. Hakuna zaidi.

Jumatano: Iganga hadi Jinja

Tulianza saa kumi alfajiri ili tuliwahi jua. Tulipofika Musita, panapotoka njia ya Mayuge, wachache walisimama kuomba. Upande huo, Kyando, ndipo Askofu James Hannington wa Waanglikana alipouawa tarehe 29 Oktoba 1885, akiwa njiani kuingia Buganda kutokea mashariki, njia hii hii ya kwetu. Miezi michache baadaye moto wa Namugongo uliwachoma Waanglikana na Wakatoliki pamoja. Upande huo huo, Bunya, ndiko alikozaliwa Matia Mulumba, aliyechukuliwa mateka akiwa mtoto akapelekwa Buganda, akawa mkuu wa watu, na mwishowe akakatwa viungo akaachwa afe polepole pale Kampala ya Kale. Ni mmoja wa wale ambao hawakuwahi kufika Namugongo. Mama hakupita Musita bila kumtaja. Alisema Wasoga hawamjivunii vya kutosha.

Ni hapo, baada ya Magamaga, muuguzi aliponisogelea. Alianza kwa kuomba radhi, nami nikajua ni habari ya mguu.

Mama alikuwa na kisukari. Sisi nyumbani tulijua, lakini tulikijua kisukari cha vidonge na chai isiyo na sukari. Hatukujua habari ya miguu. Kisukari kikikaa mwilini muda mrefu bila kudhibitiwa kinaharibu mishipa ya fahamu ya nyayo, unapata ganzi, na damu nayo haifiki vizuri vidoleni. Mtu anaweza kukanyaga kaa la moto asijue. Kidonda kidogo kinachelewa kupona, kinaingia vijidudu, kinakwenda mpaka mfupa.

Katika hija yake ya mwisho, muuguzi akaniambia, Mama aliingia Jinja akiwa wa kwanza kama kawaida yake, akaweka sufuria motoni, akaanza kushughulikia miguu ya watu. Aliwatengeneza wote. Kijana mmoja akamwambia, Mama, kiatu chako kinatoa damu. Alipokivua wakakuta msumari. Ulikuwa umepenya soli na kuingia chini ya kidole gumba. Hakujua umeingia lini, labda Iganga, labda Magamaga. Alikuwa ametembea nao siku nzima.

"Alisemaje?" nikamuuliza.

"Alisema ni baraka, kwamba Mungu amemwondolea maumivu. Mimi nilikuwa bado nasoma uuguzi. Nilimwambia, Mama, hiyo siyo baraka, hiyo ni dalili. Akanipiga busu hapa," akagusa paji la uso, "akasema nimsaidie kuosha vikombe."

Alimalizia hija akiwa amefunga kidole kwa kitambaa. Nyumbani alituambia amejikwaa. Miezi ikapita, kidole kikawa cheusi, na hospitali tuliyokwenda kwanza ikatupa dawa ya kupaka ikaturudisha. Tulipofika kwa daktari aliyejua anachokiangalia, mguu ulikatwa chini ya goti. Alivumilia nusu mwaka hivi.

Nimeandika haya kwa sababu kwenye kila kundi la mahujaji kuna mama au mzee mwenye sukari, na kila mmoja anasema atatembea tu, Mungu yupo. Mungu yupo, na pia kuna msumari. Mtu wa namna hiyo akaguliwe nyayo kila jioni, na akague mwingine kwa macho na vidole, asiulizwe kama anaumwa. Kiatu kitikiswe kabla ya kuvaliwa. Akiweza, apande gari. Mashahidi hawatamhesabia kilomita. Kuanzia Malaba muuguzi alikuwa akifanya hivyo kimyakimya kwa watu wetu watatu, na mmoja wao, mzee mstaafu wa reli, alimkwepa kila jioni kwa ujanja mpya.

Jinja nililala nikiwa na hasira. Sijui hasira na nani hasa. Zikinipanda namrudia Mama, zikishuka najirudia sisi watoto wake, ambao tuliangalia viatu vyake vikitoka Mei na kurudi Juni bila kuviinua kutazama chini.

Alhamisi: Jinja hadi Lugazi

Tulivuka Nile kungali na ukungu, juu ya daraja jipya la nyaya lililofunguliwa 2018, zaidi ya nusu kilomita kwa urefu. Askari hawakutaka tusimame wala tupige picha. Zamani Mama na wenzake walikuwa wakipitia juu ya bwawa la Owen, lile la 1954, kwa mstari mmoja, maji yakinguruma chini, na mzee wa jiko alisema Mama alikuwa anafumba macho na kushika mkoba wa mtu aliye mbele. Huyo huyo aliyemshinda Padre. Nilifurahi kulijua hilo.

Mabira inapendeza kwa mtu aliye ndani ya basi. Kwa miguu ni kona nyembamba, hakuna pa kukanyaga, na nyani wamekaa ukingoni wakisubiri ndizi. Kivuli chake lakini ni cha pekee. Baada ya siku za jua la Busoga kila mtu aliongea kwa sauti ya chini. Mwaka 2007 watu waliandamana Kampala kuuzuia msitu huu usikatwe kipande kwa ajili ya miwa, na ukitoka upande wa pili ukakuta miwa ya Lugazi imekuja mpaka kwenye miti, unaelewa walichokuwa wakikipigania. Najjembe wauza kuku na gonja, zile ndizi za kuchoma, walitukimbilia na vijiti vyao, wakagundua tunatembea, wakatucheka, kisha mmoja akagawa gonja bure kwa wazee.

Ijumaa: Lugazi hadi Mukono

Kituko nilichoahidi. Karibu na Namataba tulikuwa katikati ya fumbo la tatu, "Salamu Maria, umejaa neema", sauti zimepanda, na bibi mmoja aliyekuwa akianika kahawa akasimama ghafla akaingiza wajukuu ndani. Mwenzetu anayejua Kiganda akaenda kumsalimu. Bibi akauliza, hawa ni wanajeshi wa wapi? Kwa kizazi chake Kiswahili ni lugha ya kambi na vizuizi vya barabarani; kwamba mtu anaweza kumsifu Bikira kwa lugha hiyo lilikuwa jambo geni. Alipoelewa alicheka akatoka na maparachichi. Katekista anasema Mama alikuwa akikutana na hayo kila mwaka, na jibu lake lilikuwa kuongeza sauti.

Mukono nilikabidhiwa jiko. Mzee alikuwa na homa, akanionyesha sufuria kubwa kwa kidole akalala. Sufuria ni ya Mama, aliinunua kwa fedha za hoteli, imepigwa na moto mpaka nje imekuwa gamba. Posho, yaani ugali, ya watu wote hao haisongwi kwa mikono tu, unapanda juu ya tofali, mwiko unaukamata kama kasia, mgongo wote unaingia, na moshi unachagua macho yako. Nilipika hoteli tangu utotoni nikidhani najua kupika. Nilipomaliza kugawa, watu wameshalala, chini kulikuwa na ukoko na mchuzi usiotosha. Niliula ukoko. Halafu nikakumbuka kwamba kwa saa ile Mama alikuwa bado na kopo lake la sindano mbele yake.

Jumamosi: Mukono hadi Namugongo

Tulipita Seeta, Bweyogerere, Kireka, tukapanda Kyaliwajjala. Kadiri unavyokaribia ndivyo makundi yanavyokutana: watu wa Lira na wa Arua waliotembea mbali kuliko sisi, Wakenya, Watanzania wa Bukoba, Wanyarwanda. Barabarani wenyeji wanakupungia, "Mukulikeyo!" Watu wanalia bila kujificha. Mimi sikulia. Nilikuwa nawaza choo.

Basilika linafuata umbo la nyumba ya jadi ya Waganda, na nguzo zake 22 ni Mashahidi 22 wa Kikatoliki. Liliwekwa wakfu 1975. Altare iko pale Karoli Lwanga alipochomwa tarehe 3 Juni 1886, peke yake, kwa moto mdogo ulioanzia nyayoni. Wenzake walichomwa siku hiyo hiyo mbele kidogo, wamefungwa ndani ya mikeka ya matete. Ilikuwa Alhamisi ya Kupaa Bwana.

Mzee wa jiko alinishika mkono akanipeleka mahali Mama alipokuwa akikaa, upande wa juu, karibu na mti. Palikuwa pamekaliwa na familia ya Soroti wakimenya viazi. Wakatusogezea mkeka.

Jumapili na Jumatatu: kambini

Siku mbili za kungoja. Watu wanalala kwenye nyasi, mvua ikija wanasimama na turubai vichwani. Vipaza sauti vinatangaza watoto waliopotea kwa lugha tano. Kwenye ziwa lililo chini ya basilika watu wanachota maji kwa chupa na mitungi kupeleka nyumbani. Mama alikuja nayo kila mwaka, akanyunyiza hoteli, akanyunyiza sisi, na mara moja lori la Msomali mmoja aliyekataa, kisha akakubali breki zilipomsumbua.

Alikuwa hapa Februari 1993 Papa Yohane Paulo II alipokuja, nami nikiwa tumboni. Alikuwa hapa tarehe 28 Novemba 2015 kwa ajili ya Papa Francis, ila siku hiyo hakumwona, alikuwa nyuma anapika uji wa wanakwaya. Kila mtu wa Malaba anayo picha ya Papa ikiwa na ukungu kwenye simu. Yeye alikuwa na picha ya sufuria.

Jumatatu jioni akina mama walisimulia habari za Munaku, kwa sababu Mama ndiye aliyekuwa akizisimulia na hawakutaka zipotee. Kwenye orodha ya 22 hakuna mwanamke. Lakini Nowa Mawaggali alipochomwa mikuki huko Mityana tarehe 31 Mei 1886, dada yake alitoka mwenyewe kwa askari akadai auawe pamoja na kaka yake. Hawakumuua, walimchukua mateka. Wamisionari wakamkomboa, akabatizwa Maria Matilda, akajulikana kama Munaku, akaishi bila kuolewa akilitumikia Kanisa hadi uzeeni. Hana nguzo kwenye basilika. Mama alikuwa na mzaha mmoja aliourudia kila mwaka: bila shaka ndiye aliyefua vitambaa.

Mstaafu wa reli alipatikana usiku huo akiwa na kidonda kwenye unyayo, alichokificha tangu Mukono. Muuguzi hakumgombeza. Alimsafisha, akamfunga, akamnyang'anya viatu akavilalia.

Jumanne, tarehe 3 Juni

Misa ya watu wengi kiasi kile huioni, unaisikia. Altare iko kisiwani katikati ya ziwa, na mbele yangu kulikuwa na migongo. Tulikuwa tumeandika majina ya marehemu wetu kwenye karatasi tukaziweka kapuni pamoja na maelfu ya karatasi nyingine. Hakuna atakayeyasoma yote, na niliona vibaya, mpaka wakati wa kuwaombea marehemu mzee wa jiko alipolitaja jina la Mama kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeita mwenzake jirani. Wengine wa Malaba wakalitaja. Familia ya Soroti nao wakalitaja, kwa lafudhi yao, bila kumjua.

Wakati wa Komunyo nilimtazama padre aliyetufikia akikifuta chombo chake kwa kitambaa cheupe. Kilikuwa na mkunjo mbaya. Hakikupigwa pasi vizuri.

Jumatano: kurudi

Kurudi ni kwa lori, tumesimama na wengine wamekalia magunia. Tulipofika Mukono mzee wa jiko alipiga kelele: sufuria ilibaki kwenye ukumbi wa kanisa la pale Mukono, juu ya mlima. Dereva akasema hageuzi, kuna foleni, ana mzigo jioni. Watu wakasema itachukuliwa mwakani. Mzee akanielekeza kidole. "Ni ya mama yake. Aseme yeye."

Nikasema geuza.

Dereva akadai fedha ya dizeli. Tulizozana mpaka askari wa trafiki akaja kuuliza kuna nini. Watu wakatoa elfu moja moja, mstaafu wa reli akatoa elfu tano na kunung'unika kwamba ameibiwa viatu. Tulipofika ukumbini tulikuta kundi lingine la mahujaji wameipachika sufuria motoni, imejaa maharage mpaka ukingoni, hayajaiva. Kuyamwaga ilikuwa dhambi, na hawakuwa na chombo kingine. Dereva akazima injini.

Tulikaa tukangoja. Yalipoiva wakatugawia, dereva akaongezwa. Yalikuwa hayana chumvi, na mzee wa jiko alilisema hilo njia yote mpaka Jinja.